Mjumbe wa Tano

Lango la Mkanyeni lilitaka wajumbe watano ndipo lifunguke, na sisi tulikuwa nao wanne. Wanne wengine walikuwa ng'ambo ya bonde. Mnara uliokuwa ukiwaunganisha ulikuwa umelala kifudifudi kwenye tope tangu saa kumi na moja alfajiri, mlima ulipomeguka.

Shida ilikuwa hiyo tu. Mengine yote yalitoka hapo.

"Mjumbe wa Pili," nilisema, "fungua lango robo."

Sanduku lililofungwa ukutani mwa kibanda cha lango liliwasha taa yake ya kijani. Sauti yake ni ya mwanamke anayesoma matangazo ya vifo redioni. Haina haraka na haina huruma.

"Ombi limepokelewa. Nimeandika. Wa Kwanza ameandika. Wa Tatu ameandika. Wa Nne ameandika. Tuko wanne. Nasubiri wa tano."

"Wa tano hayupo. Mnara umeanguka."

"Nasubiri wa tano."

"Utamsubiri mpaka lini?"

"Mpaka atakapojibu."

Niliuma meno. Hiyo ilikuwa mara ya kumi na moja kuuliza tangu kupambazuke, na mara zote kumi na moja lilinijibu hivyo hivyo, kwa adabu ile ile. Mtu angekuwa amenitukana angalau mara moja. Ningemshukuru.

Mama Nakijwa aliingia akichuruzika maji, buti zake zimejaa tope hadi ndani. Yeye ni mwenyekiti wa kamati ya maji, mwaka wa kumi na mbili sasa, na huwa hapazi sauti. Siku hiyo alipaza.

"Fundi Mcharo! Ule ufa kwenye tuta, alfajiri niliingiza kidole. Sasa hivi nimeingiza ngumi."

"Nimekusikia, mama."

"Umenisikia, na lango bado limefungwa."

"Limefungwa kwa sababu tuko wanne."

"Wanne, wanne! Chini kule wako mia tatu na kumi na wawili!"

Alikuwa anawasema watu wa Kwemhogi. Ndiva ya Mkanyeni ni bwawa la kuchimba. Babu zetu walilijenga kwa mawe na udongo, sisi tukalipandishia tuta mara tatu, kwa sababu mvua ya mwaka mzima siku hizi hunyesha kwa siku tano na kisha mbingu hufunga mlango. Kitongoji cha Kwemhogi kiko chini ya tuta hilo, kwenye ulimi wa ardhi kati ya vijito viwili. Vijito vyote viwili vilikuwa vimefurika na vivuko vyake vya miti vilikwenda na maji usiku. Watu wa Kwemhogi walikuwa hawana pa kukimbilia. Kutoka kibandani niliwaona wamejazana kwenye uwanja wa zahanati, wamejifunika maturubai, wanatazama juu kwetu.

"Lifungueni kwa mikono," alisema Kiangi, aliyekuwa nyuma ya Mama Nakijwa. Kiangi ana parachichi ekari arobaini na maoni zaidi ya hayo.

"Mikono ipi?" nilimuuliza. "Wewe si ulikuwepo?"

Alikuwepo. Miaka kumi na tisa iliyopita watu walikatana mapanga juu ya lango hili hili, ukoo huu unafungua, ukoo ule unafunga, na kwa wiki moja tukazika watu wanne. Tulipomaliza kuzika tukaamua lango lisiwe na mpini. Chuma chake tukakizamisha kwenye zege, mota ndani, na mota hiyo haimsikii mtu yeyote. Inawasikia wajumbe. Mimi ndiye niliyeukata ule mpini kwa msumeno. Watu walipiga vigelegele na Kiangi alipiga picha.

Tangu siku hiyo kila ukoo una sanduku lake, na kila sanduku lina daftari lile lile: ndiva ipi imejaa kiasi gani, zamu ya maji ni ya nani, lango lipi lilifunguliwa lini. Mmoja akitaka kuandika jambo, huwaambia wote, na jambo halihesabiki kuwa limeandikwa mpaka zaidi ya nusu yao wamejibu, "Nimeandika." Hakuna mkubwa wao, kwa hiyo hakuna wa kuhongwa. Ukimchoma moto mmoja, waliobaki wanakumbuka kila kitu. Ni kazi nzuri. Niliifanya mimi na dada Namsifu, fundi wa ng'ambo, na kwa miaka kumi na saba haikumwonea mtu.

Miaka hiyo wajumbe walikuwa saba. Zaidi ya nusu ya saba ni wanne. Ukizikata saba popote unapotaka, upande mmoja lazima uwe na wanne au zaidi, na upande huo unaendelea na kazi. Nane zinakatika katikati vizuri mno, na hapo ndipo tulipokuwa tumekaa asubuhi ile.

*

Wa nane aliingia miaka miwili iliyopita, na aliingia kwa haki.

Wakihuro walipanda huku kutoka nyika baada ya visima vyao kukauka. Tuliwapa ardhi kando ya mfereji mkuu, ng'ambo, ardhi ambayo hakuna aliyeitaka, nao wakaipanda tangawizi iliyotushangaza wote. Kwenye mkutano wa kamati mkubwa wao, Sembeyu, alisimama na kofia mkononi.

"Tunalima hapa, tunazika hapa," alisema. "Lakini maji yakigawiwa tunaambiwa tungoje wenye masanduku wamalize. Fundi anasema saba wanatosha. Wanamtosha nani, fundi?"

Nikasema haya, tuongeze, lakini tusiongeze mmoja, tuongeze wawili. Wawe tisa. Nikaeleza sababu, nikachora hata mchoro ubaoni.

"Huyo wa tisa atakuwa wa ukoo gani?" Kiangi aliuliza.

"Si wa ukoo wowote. Anakaa tu shuleni, anahesabiwa."

Ukumbi ulicheka, kisha ukakasirika. Sanduku lisilo na ukoo! Litakula kiapo kwa jina la nani? Nani atalipangusa vumbi? Basi, wakasema wengine, upewe ukoo wetu. Kwa nini wenu? Nyinyi mnataka muwe na wawili? Wakabishana hadi jua likazama, koo saba, hakuna aliyekubali mwingine awe na wawili na hakuna aliyetaka sanduku yatima. Mwishowe Mama Nakijwa akagonga meza: nane, tumemaliza.

Ningeweza kukataa kuliunganisha. Nilikuwa nimechoka na kelele, nikaliunganisha.

*

"Mtoe huyo wa nane," Kiangi alisema sasa, akitikisa kidole mbele ya sanduku kama anayemkaripia mtoto. "We Mjumbe! Mtoe wa Nane, mrudi saba. Wanne si ndio wengi wa saba?"

"Kumtoa mjumbe kunahitaji wajumbe watano," lilisema sanduku.

Kiangi alinigeukia. "Linanidhihaki hili?"

"Hapana. Linakuambia sheria uliyoipigia kura."

"Basi tuchimbe tuta pembeni, maji yapungue."

"Tuta lililolowa ukilichokoa haliachi pale ulipotaka wewe. Utawaua Kwemhogi kwa jembe badala ya kuwaua kwa kungoja."

Wanaume wanane walikuwa wanapiga zege la lango kwa mitaimbo na tindo tangu alfajiri. Walikuwa wamechimba shimo la kutosha kuweka sufuria. Zege hilo nililikoroga mimi pia. Kila nilichojaribu kukivunja siku hiyo nilikuwa nimekijenga kwa mikono hii, na nilikuwa nimekijenga vizuri, laana iwe juu yangu.

Mama Nakijwa alikuwa ametuma watu wawili ng'ambo kwa miguu, kwa njia ya juu ya kilele. Safari hiyo ni saa nane siku ya jua. Walikuwa hawajafika hata nusu.

Nilitoka nikatazame tuta. Mvua ilikuwa inapiga usoni kama mchanga. Ufa ulikuwa kama alivyosema. Lakini kilichonitia baridi kilikuwa chini, kwenye mguu wa tuta, upande wa Kwemhogi: maji yalikuwa yanachuruzika kati ya mawe. Maji meupe yakichuruzika hapo si kitu, ndiva zote hutoka jasho. Haya yalikuwa ya kahawia. Yakitoka na tope maana yake tuta linaliwa kwa ndani.

Nilirudi kibandani nikafungua sanduku langu la vifaa, nikatoa kopo la plastiki la sabuni ya kunyolea. Ndani yake, kwenye pamba, mlikuwa na chipu ndogo kama mbegu ya boga.

Mama Nakijwa aliitazama.

"Hicho ni nini, Mcharo?" Aliacha neno fundi.

"Muhuri wa Mjumbe wa Nane."

"Muhuri wa wa Nane uko ndani ya wa Nane. Ng'ambo."

"Huu ni wa pili."

Kila mjumbe ana muhuri wake, namba ndefu iliyochomwa kwenye chipu, na kwa muhuri huo wenzake wanamjua kuwa ni yeye. Ilikuwa msimu wa ukungu nilipomfunga wa Nane na chipu mbili zilikuwa zimekufa kwa unyevu mikononi mwangu. Kwa hiyo nikachoma mbili zenye muhuri mmoja, moja ya kutumia na moja ya akiba. Sheria ilisema ya akiba ivunjwe kwa nyundo mbele ya mashahidi. Nilivunja moja mbele ya mashahidi. Ilikuwa tupu.

"Kwa hiyo ulitudanganya," alisema Mama Nakijwa.

"Ndiyo."

"Miaka miwili."

"Ndiyo. Sikutaka kupanda tena na mzigo wa betri mgongoni kama ile ya kwanza ingekufa. Ilikuwa uvivu tu, mama. Sikuwa na nia nyingine."

Kiangi alikuwa ameshaelewa. "Una chipu mkononi na bado unaongea? Chomeka!"

"Ngoja," alisema Mama Nakijwa. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, akavua buti moja, akamwaga maji. Nafikiri alitaka tu mikono yake ifanye kitu. "Lango likifunguka, maji yanakwenda wapi?"

Alijua. Alitaka niseme mimi.

"Yanashuka kwenye mfereji mkuu, yanavuka daraja la maji, yanapita ng'ambo. Kando ya vibanda vya Wakihuro."

"King'ora?"

"Kwa kawaida wajumbe wakikubaliana, king'ora cha ng'ambo hulia robo saa kabla ya maji. Leo mnara uko chini. Kule hakitalia."

"Wako vibandani sasa?"

"Imebaki wiki tatu kuvuna. Wanalala humo, wanafukuza nguruwe pori."

"Kwa mvua hii watakuwa wamepanda juu," alisema.

"Mtu yeyote mwenye akili angepanda," nilisema.

Hakuna hata mmoja wetu aliyemtazama mwenzake.

"Hao si ndio waliotaka kuhesabiwa?" alisema Kiangi. "Basi leo wahesabiwe."

Kidogo maneno hayo yanizuie. Nilikuwa nimenyoosha mkono, nikaurudisha. Kwa sababu ilikuwa kweli kwamba nilichotaka kufanya ndicho alichotaka Kiangi, na kuna mambo ambayo mtu akiona amekubaliana na Kiangi anapaswa kuanza upya. Ningechukua jina la watu, niseme wao wenyewe wamekubali maji yapite milangoni mwao, na wao hawana habari. Hata mapanga yalikuwa aibu ndogo kuliko hilo. Mwenye panga unamwona.

Kwa upande wa pili walikuwa mia tatu na kumi na wawili, chini ya maturubai, na hao nilikuwa nawaona.

"Nani ana baruti?" nilisema. "Za kupasulia mawe."

Wapasua mawe walikuwa nazo. Tulipiga tatu juu ya mwamba, moja baada ya nyingine, na bonde lote likatetema. Ng'ambo wangesikia, hilo sina shaka. Lakini hatukuwahi kukubaliana nao kwamba milio mitatu maana yake ni nini. Kwa miaka kumi na tisa tulikuwa na wajumbe wa kusema kila kitu, hatukuona haja ya kuwa na ishara nyingine. Tulisimama kwenye mvua tukitega masikio tusikie kama watajibu.

Hawakujibu. Tulingoja dakika arobaini.

Saa nne na dakika kumi mawe matatu yalitoka kwenye mguu wa tuta na kuviringika mpaka kwenye ukuta wa zahanati. Nilisikia watoto wa Kwemhogi wakipiga yowe. Mama Nakijwa alisimama na buti moja mguuni.

"Chomeka, mwanangu," alisema. "Mimi ndiye mwenyekiti. Nimesema mimi."

Alisema hivyo ili anipunguzie. Haikunipunguzia. Nilichomeka chipu kwenye redio ya kupimia, nikaielekeza kwenye sanduku.

"Mjumbe wa Nane ameonekana," lilisema sanduku. "Mjumbe wa Nane ameandika. Tuko watano. King'ora kimeagizwa. King'ora cha ng'ambo hakijathibitisha."

Nadhani nilitaka likatae.

"Uthibitisho si sharti," lilisema. "Lango litafunguka baada ya robo saa."

*

Lilifunguka. Chuma kililia, kikapanda robo, na maji yakaingia mfereji mkuu yakiwa yamebeba magogo. Kwa saa nzima sikuona tofauti yoyote. Kisha alama nyeupe kwenye nguzo ya kipimo ikaonekana, ikafuata ya pili. Kwenye mguu wa tuta ule mchuruziko wa kahawia ulififia, ukawa mweupe, ukakata.

Watu walikumbatiana. Wale wanaume wa mitaimbo waliimba. Kiangi alinipiga mgongoni mara mbili na kusema sikuwa mjinga kama nilivyoonekana. Kwemhogi walitoka chini ya maturubai wakapunga nguo. Nilipunga na mimi. Nilifurahi, sitasema uongo. Nilifurahi mpaka jioni.

*

Ilituchukua siku tatu kuuinua mnara. Wale watu wawili waliotumwa hawakuwa wamerudi, kwa kuwa kila mto njiani ulikuwa umejaa. Nilifunga waya wa mwisho mchana wa siku ya tatu, na kabla masanduku hayajaanza kusemezana, redio ya mafundi ilikoroma.

"Mkanyeni, mnanisikia? Kaka Mcharo?"

"Nakusikia, dada Namsifu. Mko salama?"

"Nani kafungua lango?"

"Mnajua kuwa lilifunguliwa."

"Tunajua. Nauliza nani. Wa Nane yuko hapa mbele yangu, hajaandika kitu tangu mnara uanguke. Mlikuwa wanne. Nani kafungua?"

"Tuta lilikuwa linakwenda. Kwemhogi wote…"

"Kaka. Nani?"

"Mimi."

Nilisikia mvua kwenye bati la kwao. Kwetu ilikuwa imekatika.

"Tulipiga baruti," nilisema. "Tatu."

"Tulizisikia. Tukadhani mlima umemeguka tena upande wenu. Tukasimama tukawaombea."

"Watu wa vibandani, walikuwa wamepanda?"

"Walikuwa wamepanda," alisema. "Saa mbili asubuhi wote walikuwa shuleni, mzee na mtoto. Mfereji uliwatisha. Sembeyu akaniuliza, fundi, tangawizi inaoza majini, tukishuka kuizibulia mitaro, hayo maji ya Mkanyeni hayatatukuta? Nikamwambia hayatawakuta."

"Kwa nini ulimwambia hivyo?"

"Kwa sababu nilihesabu!" Sauti yake ilipasuka. "Wanne kwenu, wanne kwetu. Hakuna upande wenye watano. Nikamwambia, baba, mnara ukiwa chini hakuna mahali salama kama mfereji ule, lango haliwezi kufunguka hata wakitaka. Haliwezi. Tulilitengeneza wenyewe lisiweze. Nikamchorea na mchoro."

"Walishuka watu ishirini," alisema Namsifu. "Kumi na saba walitoka."

Nyuma yangu sanduku liliwasha taa. Wajumbe wote nane walikuwa wameonana tena na walikuwa wanasomeana madaftari, mstari kwa mstari, kama tulivyowafundisha, ili waliokosa wajazie walichokosa. Walifika kwenye asubuhi ya mvua.

"Mjumbe wa Nane ameandika kufungua," lilisema sanduku kwa sauti yake ya matangazo. "Mjumbe wa Nane hajaandika kufungua. Mjumbe mmoja ametoa maneno mawili chini ya muhuri mmoja. Mjumbe wa Nane ni mwongo. Mjumbe wa Nane ametolewa, pamoja na zamu zote zilizoandikwa kwa muhuri wake."

"Hapana," nilisema. "Si yeye. Ni mimi. Mjumbe wa Pili, sikiliza, muhuri niliutumia mimi."

"Napokea mihuri. Sipokei maelezo."

Sheria hiyo tuliiweka kwa ajili ya wezi. Tulikaa wiki nzima, mimi na Namsifu, tukifikiria mtu mbaya atakayeiba muhuri wa ukoo. Hatukufikiria kwamba atakayeadhibiwa ni aliyeibiwa.

*

Kiangi alinijia kabla ya mkutano.

"Nyamaza tu," alisema. "Daftari linasema wa Nane ndiye aliyeandika. Nani atabishana na daftari? Umeokoa watu mia tatu, fundi. Kapumzike."

Nilisimama mbele ya mkutano nikasema yote: chipu ya pili, ile tupu niliyoivunja, saa, dakika. Mama Nakijwa alisimama na kusema yeye ndiye aliyeamuru, na akaacha uenyekiti papo hapo. Watu wa Kwemhogi walipiga kelele kwamba tusiguswe. Wakihuro walikaa nyuma, safu mbili. Mdogo wa mke wa Sembeyu, mwanamke anayeitwa Mwanahawa, alikuwa wa kwanza kusema.

"Fundi, sisi hatukuulizi kwa nini ulifungua. Mimi mwenyewe ningeona watoto wamesimama chini ya maji, ningefungua. Tunataka kujua kitu kimoja. Nani atatuandika tena?"

Nilisema kura ipigwe siku hiyo hiyo. Kumrudisha mjumbe kati ya saba kunahitaji wanne. Koo za ng'ambo tatu zilikubali, kila moja ikatuma mjumbe wake aandike. Kwetu, ukoo wangu ulisema utafikiri. Wa pili ulisema nane ndizo zilizoleta balaa, na kwamba hata mimi mwenyewe nilikuwa nimelisema hilo zamani, ubaoni, kwa mchoro. Wa tatu ulikuwa wa Kiangi. Wa nne walisema watawafuata wengi.

"Tuko watatu," lilisema sanduku. "Nasubiri wa nne."

Nilikwenda nyumba kwa nyumba kwa siku kumi na sita. Nilikunywa chai nyingi. Ukoo wangu bado ulikuwa unafikiri.

Waliokufa mferejini ni Sembeyu, mkewe Zaituni, na Kibua aliyekuwa mkwe wao. Kibua hakupatikana mpaka siku ya tano. Vibanda tisa vilikwenda na maji. Tangawizi ekari kumi na moja. Zamu za maji zilizofutwa ni sitini na nne, zote zilizobaki kwa Wakihuro mpaka masika. Kwemhogi, kati ya watu mia tatu na kumi na wawili, mmoja aliteguka mguu. Siku ya kumi na saba Wakihuro walifunga mizigo wakashuka kurudi nyikani, kwenye visima vikavu, na nilisimama kando ya njia nikiwahesabu: kaya kumi na nane, watu wazima arobaini na watano, watoto thelathini na tisa.